Matia Mulumba: Mume Aliyegeuka Hatua kwa Hatua



Iko methali inayosikika sana katika nyumba zetu: Samaki mkunje angali mbichi. Ni methali njema tunapolea watoto. Lakini mara nyingi hutumiwa na mke aliyechoka na mumewe, au na mume aliyekata tamaa juu ya mkewe. Maana yao huwa hii: huyu wangu amekwisha kukauka, amepita miaka arobaini, hawezi kukunjika tena. Katika mafundisho ya ndoa hapa Subukia nimeyasikia maneno hayo kwa akina mama ambao waume zao hawajakubali kuja kanisani kubariki ndoa baada ya miaka ishirini ya kuishi pamoja. Nimeyasikia pia kwa akina baba ambao wake zao hawataki kusamehe kosa la zamani. Baadhi yao wamesali kwa muda mrefu, wamepanda mlima wa Mama Maria na rozari mkononi, na sasa wameacha kusali kwa sababu hawaoni badiliko lolote.

Kwa ajili ya hao wote, leo tuyatazame maisha ya mtakatifu mmoja wa Afrika Mashariki yetu, Matia Kalemba Mulumba, aliye mmoja wa Mashahidi wa Uganda. Jina lake ni maarufu kwetu. Jumuiya na makanisa mengi yamewekwa chini ya ulinzi wake, na hapa Bonde la Ufa ipo Seminari Kuu ya Tindinyo, kule Nandi, yenye jina lake. Wengi wetu tunajua kwamba aliuawa kikatili kwa ajili ya imani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alibatizwa akiwa na umri wa miaka kama 46, mtu mwenye cheo, mwenye wake wengi, ambaye alikuwa amepitia dini nyingine kabla ya kufika mlangoni pa Kanisa.

Mtoto aliyetekwa

Matia alizaliwa yapata mwaka 1836 huko Bunya, katika nchi ya Busoga, mashariki ya mto Nile. Alipokuwa bado mtoto, yeye na mama yake walitekwa na washambulizi wakapelekwa Buganda. Huko aliangukia katika nyumba ya mtu wa ukoo wa Musu, ambaye alimpenda akamlea kama mwanawe. Hivyo mtoto aliyefika kama mateka alikua kama mwana wa nyumbani. Baadaye aliingia katika utumishi wa mkuu wa jimbo la Ssingo, ambaye kwa cheo chake aliitwa Mukwenda. Alifanya kazi kwa uaminifu, akapandishwa daraja, akawa msaidizi wa mkuu huyo na mtu wa kuheshimiwa katika nchi ya Mityana.

Matia mwenyewe aliwasimulia wamisionari jambo moja la utoto wake ambalo hakulisahau kamwe. Baba yake hakuridhika na ibada za miungu ya Buganda. Aliamini moyoni kwamba ukweli ulikuwa bado haujawafikia, na kabla ya kufa alimwambia Matia kwamba siku moja watakuja watu wa kuwaonyesha njia iliyo sawa. Matia akalichukua neno hilo kama urithi. Tangu hapo, kila aliposikia kwamba mgeni amefika nchini, alijiuliza kama huyo ndiye aliyeagizwa na baba.

Hapa tayari wazazi tuna la kujifunza. Baba yule hakuwa na Biblia wala katekisimu. Alichokuwa nacho ni kiu ya ukweli, na kiu hiyo alimwachia mwanawe. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kabla ya mbegu ile kuzaa, wala baba hakuishi kuyaona matunda yake.

Aliyekaa mbali akitazama

Wageni wa kwanza kufika walikuwa wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani na Zanzibar. Matia aliwasikiliza, akaona kwamba kumwabudu Mungu mmoja kunapita desturi alizozikuta, akaifuata dini yao pamoja na Waganda wengine wengi. Hata mfalme Mutesa, yaani Kabaka, alijitangaza kuwa Mwislamu wakati ule. Mwaka 1877 wakaja wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, na mwaka uliofuata akafika fundi hodari Alexander Mackay. Matia akaenda kwa Mackay, akayapokea mafundisho yake kwa furaha, akadhani safari yake imekwisha.

Mnamo Februari 1879 wakafika Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika. Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alitangulia pamoja na Bruda Amans. Siku zile Wakristu wa madhehebu mbalimbali hawakuvumiliana kama inavyotupasa leo, na Matia alikuwa ameambiwa kwamba Wakatoliki humwabudu Bikira Maria badala ya Mungu. Aliogopa. Alikaa mbali nao kabisa, na labda hangekanyaga nyumbani kwao maisha yake yote.

Ndipo mkuu wake akamtuma asimamie ujenzi wa nyumba ya wamisionari hao. Amri ni amri, Matia akaenda. Mwanzoni alisimama kando akiwatazama kwa wasiwasi. Siku zikapita, akawaona wakifanya kazi na wakisali, akaona jinsi wanavyowapokea watu kwa upole. Akasogea kidogo. Akaanza kuuliza maswali juu ya yale mabaya aliyoyasikia, nao wakamjibu kwa utulivu bila kumtukana mtu. Pole pole hofu ikamtoka. Mwaka 1880 akaomba kuandikwa miongoni mwa wanafunzi wa dini.

Wapendwa, tuone vizuri kitu gani kilimvuta. Hakuna aliyemgombeza wala kumtisha na moto wa Jehanamu. Alivutwa na mwenendo aliouona kwa macho yake kila siku, tena akiwa hakuja kutafuta dini bali kusimamia kazi. Mke anayemhubiria mumewe kila jioni chakula kikipoa mezani, na mume anayemtajia mkewe Maandiko ili kumnyamazisha, na waangalie hapo. Mwenzi wako yumo ndani ya nyumba yako kama Matia alivyokuwa kwenye ile kazi ya ujenzi. Anatazama. Anapima jinsi unavyozungumza na mama mkwe, unavyotumia fedha za maziwa na mahindi, unavyomjibu mtoto aliyevunja kikombe. Hayo ndiyo mahubiri anayoyasikia.

Nyumba yenye mke mmoja

Matia alikaa mwanafunzi kwa miaka miwili. Tarehe 28 Mei 1882, sikukuu ya Pentekoste, alibatizwa na Padre Ludovic Girault. Siku hiyo hiyo alibatizwa pia rafiki yake Luka Baanabakintu, ambaye baadaye angekufa shahidi kama yeye.

Lakini kabla ya maji kumwagwa kichwani pake kulikuwa na jambo gumu la kufanywa nyumbani. Katika Buganda ya siku zile mtu mwenye cheo alijulikana kwa wingi wa wake zake. Wake wengi walileta heshima, mikono ya kulima na chakula cha kuwakirimu wageni. Matia aliwaacha wote isipokuwa mmoja, Kikuvwa. Mbele ya wakuu wenzake jambo hilo lilikuwa kujidhalilisha, na ndivyo walivyolitazama. Mtu mkubwa alikuwa akionekana analima kwa mikono yake, anabeba mzigo wake mwenyewe safarini, hata anajipikia chakula, kazi ambazo kwa desturi zilikuwa za wanawake na watumwa.

Tusilipite jambo hili upesi kana kwamba lilikuwa tamu kwa kila mtu. Wale wanawake walioondoka walikuwa watu wenye moyo. Badiliko la mume linaweza kuwa jeraha kwa wengine, hata linapokuwa badiliko jema. Ndiyo maana Kanisa, katika Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 1148, linaagiza kwamba mtu aliyekuwa na wake kadhaa anapobatizwa na kubaki na mmoja, ni lazima mahitaji ya wale wengine yaangaliwe kwa haki na kwa upendo wa Kikristu. Nayasema haya kwa sababu bado tunao katika parokia zetu akina baba wenye nyumba mbili, na wengine wakitaka kupokea Ekaristi Takatifu hufikiri kwamba kumfukuza mama mmoja na watoto wake usiku ni toba. La hasha! Nenda kwa padre, kaa na wazee, panga malezi, ada ya shule na makazi. Toba haimtupi mtu njiani.

Tuone tena kwamba badiliko la Matia lilionekana kwanza pale lilipomgharimu. Wengi wetu tungekubali kubadilika katika mambo yasiyotuuma. Tunavaa medali, tunajiunga na chama cha kitume, tunaimba kwaya. Lakini jikoni, shambani na katika mfuko wa fedha, sisi ni wale wale wa jana. Yeye alianzia nyumbani, katika jembe, mzigo na sufuria. Ukitaka kujua kama mtu ameguswa na imani, usimwulize kwanza yeye. Mwulize mkewe.

Miaka mitatu bila padre

Mnamo Novemba 1882, miezi michache tu baada ya ubatizo wake, Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hali ya hatari, wakaenda kukaa kusini ya ziwa. Hawakurudi hadi mwaka 1885. Hebu fikirini: Mkristu mpya, hajatimiza hata mwaka mmoja tangu abatizwe, na tazama, hakuna Misa, hakuna kitubio, hakuna wa kumuuliza.

Wengi wangerudi nyuma. Wake wengine wangeweza kutafutwa tena, na hakuna padre ambaye angejua. Matia hakurudi nyuma. Kule Mityana yeye, Luka Baanabakintu na mfinyanzi Noe Mawaggali walikusanya watu, wakawafundisha na kusali nao. Wamisionari waliporudi walikuta kundi la waamini na wakatekumeni waliokuwa wamelelewa na walei watupu. Baada ya hapo, aliyetaka Misa kutoka Mityana alitembea kama kilomita 70 kwenda misioni ya mji mkuu. Sisi wa Subukia tunaolalamika kwamba kanisa liko ng'ambo ya mto, tuikumbuke njia ile.

Nadhani hapa ndipo badiliko la Matia lilipokomaa. Siku ya ubatizo ilikuwa ya furaha na wageni wengi, kama siku ya arusi zetu. Miaka ile mitatu ilikuwa kama ndoa yenyewe: siku za kawaida, bila ngoma, bila picha, ambapo mtu hushika neno lake kwa sababu alilitoa. Wanandoa wengi huniambia kwamba mapadre waliwasaidia sana kabla ya arusi, kisha wakabaki peke yao. Ni kweli, na ni upungufu wa kurekebishwa. Lakini ninyi wawili mkisali pamoja jioni, na jumuiya ndogo ndogo ikiwatembelea, hamko peke yenu. Matia na Kikuvwa hawakuwa na zaidi ya hapo.

Mwisho wake

Mfalme Mutesa alifariki mwaka 1884, akafuatwa na mwanawe Mwanga. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa kwanza Mkatoliki, na mwishoni mwa Mei 1886 mateso yakawaka kwa nguvu. Matia na Luka walikamatwa wakapelekwa mbele ya Katikiro, waziri mkuu wa mfalme. Katikiro alimdhihaki Matia. Alishangaa kwamba mtu wa umri wake na cheo chake amewaacha wake zake na sasa anajipikia. Matia alimjibu kwa ucheshi na bila hofu, akitaka kujua kama ameletwa barazani kwa ajili ya kukonda kwake au kwa ajili ya dini yake. Katikati ya mashtaka yote, jambo lililowachoma watu wa barazani ni lile la nyumbani kwake. Ndoa yake ilikuwa imekuwa ushuhuda hata kabla ya damu yake.

Akahukumiwa kifo. Walipokuwa wakimpeleka Namugongo, alisimama pale panapoitwa leo Old Kampala akawataka wauaji wasijisumbue na safari ndefu, wamalize kazi papo hapo. Walimkata mikono na miguu, wakamwondoa nyama za mgongo wakazichoma mbele ya macho yake, kisha wakazuia damu isitoke ili afe taratibu. Wakamwacha peke yake. Mateso yalianza tarehe 27 Mei. Alikata roho tarehe 30 Mei 1886. Siku moja baadaye, huko Mityana, Noe Mawaggali naye aliuawa, na nyumba za Wakristu zikaporwa. Tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Waanglikana wengi pia walimwaga damu yao katika mateso hayo, wengine katika moto huo huo. Madhehebu yaliyoogopana wakati wa ujenzi wa ile nyumba yalikufa pamoja.

Matia na wenzake 21 walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano, na tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tuhesabu miaka. Neno la baba lilipandwa utotoni. Ubatizo ukaja akiwa na miaka kama 46. Kama mtu angemhukumu Matia mwaka 1870, angemwona mtu mkubwa mwenye wake wengi asiye na habari ya Kristu. Mungu alikuwa bado anafanya kazi. Usimhukumu mwenzi wako katikati ya safari.

Pili, badiliko lilikwenda kwa hatua. Alisimama mbali, akasogea, akauliza, akajifunza, akaacha, akadumu. Kila hatua ilikuwa ya kweli ingawa haikuwa ya mwisho. Mume aliyekuwa analewa kila siku na sasa analewa Jumamosi hajafika, lakini ametembea. Mshukuru kwa hatua hiyo kabla ya kumdai inayofuata. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kungoja kwa imani si kukubali kuonewa. Hakuna mtakatifu aliyefundisha kwamba mke avumilie kupigwa ili mume aongoke. Anayepigwa, yeye au watoto, atafute usalama kwanza, aende kwa wazee, kwa padre, kwa chifu au polisi. Unaweza kumwombea mtu ukiwa mahali salama.

Nne, badiliko unaloweza kuanza leo ni lako mwenyewe. Matia hakungoja Buganda yote ibadilike ndipo ashike jembe.

Maswali ya kujadili

Baba na mama, keti pamoja jioni moja wiki hii, watoto wakisha kulala, mjadili haya kwa upole:

1. Ni hatua gani ndogo ambayo mwenzangu amepiga tangu tuoane, nami sikumshukuru?

2. Ni kazi gani ya nyumbani ninayoikataa kwa sababu ya cheo changu au kwa kuogopa macho ya majirani?

3. Kama mtu angekaa mwezi mzima nyumbani kwetu akitutazama bila kusema neno, angevutwa na imani yetu au angekimbia?

Mkimaliza, salini pamoja Baba Yetu na Salamu Maria, mkimwomba Mtakatifu Matia Mulumba awaombee. Na wewe uliyeacha kumwombea mwenzi wako kwa kuwa umechoka, anza tena usiku wa leo. Samaki hukauka, moyo wa mtu, Mungu akiushika, hukunjika hata uzeeni.